Kisima cha Otilia

Chuo cha watu binafsi kilipofunguliwa Sumbawanga, hakikuwa na mabweni. Wanachuo wakatafuta vyumba mitaani, na Flavian akaona neema imemfikia mlangoni. Yeye mwenyewe alihamia mtaa mwingine, kwenye nyumba yenye ukuta na geti, kisha kiwanja alichoachiwa na baba yake akakijaza vyumba vya kupangisha mpaka mpakani. Choo kilikuwa kimoja kwa wote. Alikichimba kona ya chini, karibu kabisa na kisima cha jirani yake, Otilia.

Otilia alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na ulezi. Nusu ya mtaa ilichota kwake tangu mumewe akichimbe kisima kile. Mafundi walipoanza shimo la choo aliwazuia, wakamjibu kwamba wao wametumwa tu. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa bwana afya angekuja kupima. Hakuja. Choo kikaezekwa, wapangaji wakaingia.

Kelele za redio alizizoea. Vijana wenyewe walimwamkia vizuri, na binti mmoja, Herieth, mtu wa Kabwe ziwani, alikuwa akija kuota moto jikoni kwake kwa sababu baridi ya Ufipa ilimshinda. Mvua zilipokolea, maji ya kisima yakaanza kunuka. Watoto wa mtaani wakaharisha. Herieth akalazwa, akarudi nguo zikimpwaya.

Jumapili baada ya misa Otilia alijitwika ndoo ya maji yale mpaka kwa Flavian. Alimkuta mezani na mkewe na wageni. Flavian akasimama, akamwamkia. Otilia hakuitikia. Alichota kikombe kimoja, akakiweka kando ya sahani yake.

"Kunywa."

Flavian akatabasamu kwa wageni wake. Akaeleza kwamba mji unakua, siku hizi ni soko huria, na kila mtu ana haki ya kuendeleza kiwanja chake.

"Mama yako alipougua, nilikulea kwa maji ya kisima kile," Otilia akasema. "Leo umemnywesha mtoto wa watu kinyesi, na kodi yake umepokea. Kama hayo ndiyo maendeleo, kunywa."

Wageni wakaacha kula. Mkewe akainama. Flavian hakugusa kikombe; alimwambia tu atoke nyumbani kwake.

Otilia alijitwika ndoo yake, akatoka. Majirani wakamsaidia kufunika kisima kwa magogo na mawe, na tangu hapo wote wakawa wanateremka mtoni. Bwana afya alifika mwishowe, akatazama, akaandika, akaondoka. Herieth na wenzake walihama muhula ulipokwisha. Muhula uliofuata vyumba vilijaa wengine.

Kiangazi Flavian akamtuma dalali kuuliza kama Otilia angeuza kiwanja chake, kwa kuwa sasa hakina maji. Otilia alimsikiliza dalali mpaka mwisho, akampa uji wa ulezi, kisha akamwambia kwamba neno kama hilo Flavian aje alitamke mwenyewe, mbele yake.

Flavian hakuja.