Baba Wawili

Picha zilikuwa sita. Alizipiga mwenyewe, amesimama katikati ya ua, akigeuka kidogo kidogo kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye tangi la maji ili ukoo mzima uingie. Sasa, wiki ya tatu tangu wamzike baba yake, alikuwa kazini studio akiziunganisha ziwe picha moja ndefu. Mama alitaka ya kutundika sebuleni, na angeipitia saa kumi.

Kompyuta iliunga kingo zote vizuri. Ikamleta baba mara mbili.

Hakushangaa. Siku ile ya kupiga picha, baada ya picha ya kwanza, baba alichomoka kitini, akakimbia nyuma ya mgongo wa binti yake huku ameshika kiuno, akaibukia kwenye tangi kabla ya picha ya sita. Kushoto alikuwa ameketi kando ya mama, ametulia kama anayesubiri kuitwa na daktari. Kulia alikuwa anahema, mdomo wazi, anamcheka yeye mwenye kamera.

"Mzimu huo," alisema mwenye studio akipita na karatasi za kuchapia. Ndivyo walivyomwita kila aliyejitokeza mara mbili. Kisha akakumbuka ni baba wa nani. "Samahani, binti. Imenitoka tu."

"Hamna neno," alijibu, na kweli hakuhisi lolote.

Akamfuta wa kushoto. Akachukua rangi ya ukuta na ya kiti, akaziba, akalainisha. Kazi safi.

Mama alifika, akavaa miwani, akapitia sura moja moja kwenye skrini. Alipofika kwake mwenyewe akaganda.

"Huu mkono wangu umeshika nini?"

Mkono wa mama ulikuwa umelala juu ya kiti kitupu, vidole vimekunjwa.

"Alikuwa hapa, mwanangu. Alinifinya kiganja ili nicheke."

"Yupo kule mwisho, mama. Tazama anavyocheka."

"Kule anakucheka wewe. Hapa alikuwa na mimi."

"Basi niwaache wote wawili?"

"Marehemu wawili ukutani? Shangazi zako watanitafuna mpaka nami nife." Mama akavua miwani. "Mrudishe. Nakuomba."

Hakuwahi kuombwa na mama. Kutumwa, ndiyo.

Akamrudisha wa kushoto, akahamia kulia. Picha yenyewe ya sita ingebaki kwenye kompyuta, alijua, lakini ukutani baba asingemcheka tena. Akaanza na viatu. Akapanda kwenye suruali, shati, shingo. Mdomo aliuacha mwisho, halafu nao akaufunika kwa rangi ya tangi.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Bado."

"Nitakungoja, twende wote."

Mashine ikaanza kuchapa. Alisimama akiipokea karatasi ilivyokuwa inatoka: mlango wa jikoni, baba, mama, shangazi, watoto, kisha tangi.