Bamba la Kuchomea Soseji

Mdogo wangu Gaute hula kama mtu asiye na dhambi duniani. Pasaka hii tena alipanda kwenye nyumba yetu ya mlimani na mfuko wa machungwa, akakung'uta theluji viatuni, akakaa ubavuni mwa mume wangu Arnfinn. Mwaka jana Arnfinn alikuwa nahodha wa kivuko. Sasa husimama gatini akiyapungia magari yaingie kwenye kivuko hichohicho.

"Shemeji, mbona umenyong'onyea? Kula chungwa."

"Nakula," alisema Arnfinn, na hakula.

Kivuko chake kiligonga mwamba mlangoni mwa bandari mwezi Mei. Ramani mpya ilionyesha maji yanatosha, kwa hiyo wakubwa waliamua kwamba nahodha alitoka nje ya njia. Arnfinn aliapa hakutoka. Baadaye akaacha kuapa. Kipupwe kilipoingia alianza kuniuliza mimi, niliyekuwa nyumbani siku ile nikikanda mkate, kama huenda kweli alisinzia. Hilo liliniuma kuliko cheo kilichopotea.

Aliyepima maji yale kwa ajili ya ramani hiyo ni Gaute, wiki ya Pasaka ya mwaka jana. Chombo chake hutuma mlio chini, husubiri mwangwi, na kwa muda huo hujua kina. Ila majira yale theluji huyeyuka, maji baridi yasiyo na chumvi yakatanda juu ya bahari, na humo mlio huenda polepole. Mwangwi ukichelewa, chombo hudhani chini ni mbali. Ndiyo maana kila mpimaji, tangu enzi za baba yetu, kwanza hushusha bamba la chuma kwa mnyororo na kurekebisha chombo mpaka mwangwi ukubaliane na mnyororo. Asiposhusha, mwamba huonekana uko chini kuliko ulivyo. Tofauti ni shibiri moja tu, na shibiri inatosha kupasua kivuko.

Jioni ile niliingia stoo kuchukua bamba la kuchomea soseji, lile ambalo Gaute alitupatia mwaka jana tulipomtangulia kupanda. Chini yake palikuwa na gunia, na ndani ya gunia mnyororo wenye alama nyekundu kila mita. Nikavitua vyote mezani, pamoja na masizi yake.

"Gaute, mwaka jana ulipima Jumanne. Jumanne hiyo mimi nilikuwa nachomea soseji juu ya hili. Ulishusha nini majini?"

Aliendelea kumenya chungwa. "Dada, ilikuwa Pasaka. Watu wote walishapanda mlimani, mimi peke yangu nimebaki nacheza na minyororo? Nikatumia marekebisho ya Februari, ya kabla theluji haijayeyuka."

Arnfinn aliushika mnyororo, akaupitisha vidoleni alama kwa alama.

"Kwa hiyo nilikuwa kwenye njia," alisema.

"Nitawaambia wakubwa wako, shemeji. Haki ya Mungu nitawaambia."

Mume wangu alilia mbele yetu bila kuficha uso, kisha akala soseji tatu.

Asubuhi Gaute alikuwa ameshateremka. Machungwa aliyaacha. Bamba na mnyororo alienda navyo.

"Amewahi kwenda kuwaambia," alisema Arnfinn, uso umemnawiri, akanimenyea chungwa.

Nililipokea. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na ofisi zote zilikuwa zimefungwa mpaka Jumanne.