Jirani wa Kukodi

Jirani alipiga hodi mara mbili, akajifuta jasho, akatabasamu lile tabasamu alilofundishwa kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndilo neno lililoandikwa kwenye kidude cha kunasa sauti kilichobanwa kifuani pake: Jirani. Tangu Kampuni iununue mji mzima, maji na barabara na mahakama, ilikuwa imeziba kwa matofali korido zote za majengo yake ili kila lango lilipiwe peke yake. Watu wakawa hawajuani tena. Kampuni, ambayo haikosi dawa ya ugonjwa iliouleta yenyewe, ikaanza kukodisha majirani.

Mteja mpya wa siku hiyo alikuwa mshonaji mjane, mwembamba kama uzi wake, mwenye ulimi uliokaa muda mrefu bila kupata wa kuusikiliza. Jirani aliomba chumvi, kama kanuni zilivyotaka. Akasema jua limekuwa kali. Mama akamtazama kama atazamavyo kitambaa kilichopunjwa.

"Chumvi huihitaji, mwanangu. Keti, nina shida."

Kanuni hazikuruhusu kuketi, akaketi. Mama akamweleza kwamba nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mwendawazimu. Kila akikanyaga cherehani, mtu huyo huugonga ukuta kwa kiatu mpaka plasta humwagikia nguo za watu. Tena huimba alfajiri, na sauti yake, Mungu amsamehe, ni ya mlango usiotiwa mafuta. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alitaka lalamiko lifike Kampuni leo hii, na kulipeleka ilikuwa kazi ya Jirani: kubonyeza kidude kianze kunasa, basi.

Ili Jirani aamini mateso yake, mama akaketi kwenye cherehani, akakanyaga. Ikalia krii, krii, kisha ikakohoa alipogeuza kona ya kitambaa.

Jirani akaona maji yamemfika shingoni. Kikohozi kile alikuwa amelala nacho miaka nenda miaka rudi. Alidhani ni pampu ya Kampuni, na kuipigia kiatu aliona ni ushujaa wa mnyonge. Gari la kazi lilikuwa limemzungusha nusu ya mji, likaja kumshusha upande wa pili wa ukuta wa kitanda chake mwenyewe.

Akilipeleka lalamiko, jioni angelikuta godoro lake barabarani, maana Kampuni haikuwa na mzaha na wanaosumbua wateja. Asipolipeleka, kazi ingeota mbawa. Akajaribu kusema kwamba huenda ni mtu mwema tu, mwenye usingizi mwepesi.

"Mwema gani agongaye ukuta bila kusema jina lake? Bonyeza."

Kidole kikafika kwenye kidude, kikaganda hapo. Mama alikuwa akipangusa vumbi la plasta kwenye gauni la mtu, taratibu, bila hata kuliangalia, kwa jinsi alivyozoea. Aibu ilimpanda Jirani mpaka masikioni.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nini?"

"Mwendawazimu."

Mama akaliweka gauni kando. Kisha akamwamuru aimbe. Jirani akaimba mistari miwili, naye akainua mkono kumsimamisha, ushahidi ulitosha. Akakibonyeza kidude mwenyewe, akasema kwa sauti ya mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Kampuni, lalamiko sina. Na huyu jirani nawarudishia, wala msiniletee mwingine."

Mfanyakazi aliyerudishwa na mteja, kesho yake hakuwa na kazi. "Mama, umenikatia riziki," Jirani alisema.

"Nilipie jirani wa nini, na ninaye ukutani? Nenda zako."

Aliondoka amevimba kwa hasira. Gari la Kampuni halikumngoja, akauzunguka mji kwa miguu kulifikia lango lake, akimsema mjane yule njia nzima, akijiuliza kesho atakula nini. Alifika chumbani kwake giza likiingia, akaketi kitandani, akavua kiatu. Kweli alikuwa amekusudia kuugonga ukuta ule mpaka uanguke.

"Umefika?" sauti ikauliza upande wa pili.

Kiatu kikabaki hewani. Miaka yote hiyo alikuwa amewauliza watu habari za nyumbani kwao kwa malipo, na hakuna aliyejali kama yeye alifika kwake au alipotelea njiani. Akakishusha kiatu sakafuni.

"Nimefika, mama."

"Haya. Nina gauni la kumaliza."

Cherehani ikaanza, krii, krii, na kikohozi chake. Ilikera vilevile. Akasogeza kitanda karibu na ukuta, akalala akiisikiliza.