Miji Aliyoijua Dobi

Binti yao alipowaletea tiketi za meli, mama yake alicheka, akalia, kisha akatoka mbio kwenda kumgongea jirani mlango. Baba yake alibaki kitini akiziangalia zile tiketi kama mtu aliyeletewa hati ya kuitwa mahakamani.

"Baba, hujafurahi?" binti akauliza. Daktari wa meno yule, nyuso zenye hofu anazijua.

"Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka nimeishiwa maneno."

Uongo mtupu! Aliogopa, na sababu alikuwa nayo. Siku nane kwenye meli ya kifahari, miji minne ya pwani ya kusini, na miji yote hiyo minne alikuwa amemsimulia mkewe kwa barua, miaka kumi na tisa mfululizo. Alikuwa dobi kwenye meli, tena meli ile ile, sema siku hizi imepakwa rangi mpya. Aliandika habari za visima, ngazi, duka la saa, mpaka mbwa wa mwenye mgahawa. Na aliandika vizuri, jamani, mkono wa kuandika alijaliwa. Kasoro ilikuwa moja tu. Hakuwahi kushuka melini. Hata mara moja.

Watu hudhani meli ikifika bandarini kila mtu anapumzika. Nani kawadanganya? Siku ya bandari ndiyo siku ya mashuka. Abiria wakishuka kutembea, vyumba vyote vinavuliwa. Mashuka, foronya, taulo na vitambaa vya meza vinateremshwa chini kwa magunia, na dobi anasimama kwenye joto mpaka honi ya kuondoka ilie. Miji yote ile mzee aliijua kwa kelele za nanga.

Angesema ukweli mwaka wa kwanza, yangeisha. Lakini mkewe alimwandikia, "Mji ukoje?" naye akaona aibu kujibu kwamba hajui. Akatunga. Barua ya pili ikabidi ikubaliane na ya kwanza, na ya tatu ikubaliane na zote mbili, na hivyo hivyo mpaka akastaafu.

Sasa huyo mkewe. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na walimu wa namna ile hawasahau kitu. Siku mbili kabla ya safari alitoa daftari la mistari alilokuwa ameligawa sehemu nne, kila mji na kurasa zake, na ndani yake kila kitu ambacho mumewe aliwahi kukitaja. Pembeni aliacha nafasi ya kuweka vema. Kalamu nyekundu ilishaingia kwenye mkoba.

"Mambo ya kufuatana na mwongoza watalii mimi sitaki," alisema. "Mimi nina wangu."

"Mama watoto, miaka imepita. Mambo yamebadilika."

"Kisima cha mawe kinahamia wapi?"

Mzee hakuwa anaogopa kugombezwa, maana kugombezwa alikuzoea. Alichokiogopa ni zile barua. Mkewe alikuwa amezitunza zote. Watoto walipokuwa wadogo aliwasomea mezani baada ya chakula, na miaka ile yote baba yao alikuwa zile barua, hakuna kingine. Akisema ni za kutunga, atakuwa amewaachia nini?

Chumba chao kilikuwa na kitanda cha kulala watu wanne, kibaraza cha kutazamia bahari, na taulo lililokunjwa umbo la bata juu ya mito. Mkewe alipiga makofi kwa furaha. Yeye alimbeba bata akamnusa shingo.

"Hili halikusuuzwa vizuri."

"Uko likizo, bwana! Mweke bata chini."

Mji wa kwanza walishuka asubuhi, mama mbele na daftari lake. Alitaka kuanza na kisima, chenye vichwa vitatu vya samaki vinavyotema maji. Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaonyesha kituo cha mafuta.

"Kilikuwa pale. Wamekibomoa."

"Masikini! Na duka la saa? Lile ambalo saa mia moja zinalia kwa pamoja?"

"Lilikuwa hapa kwenye benki. Nalo wamebomoa."

"Na mgahawa wa yule mbwa?"

"Mbwa atakuwa ameshakufa."

"Mbwa sawa, mbwa hufa. Mgahawa nao umekufa?"

"Wamebomoa."

Mkewe akafunga kalamu. "Ebo! Kila ulichokiona wewe kimebomolewa. Ulikuwa unatembea na tingatinga?"

Akaangua kicheko mwenyewe, akampachika mkono kwapani wakaendelea kutembea. Mzee alitembea akiangalia chini. Laiti angefoka! Kule kucheka na kumwamini ndiko kulikomchoma.

Mji wa pili akajikaza kisabuni. Daftari lilisema ngazi mia moja na kumi, za mawe, zinazopanda mpaka kwenye mnara. Alipoona ngazi za kwanza tu, akazivaa. "Hizi hapa!" Mkewe akapanda nyuma yake akihesabu kwa sauti ya darasani. Zilikuwa sitini na nne, na juu yake hakukuwa na mnara. Kulikuwa na ua wa nyumba ya mtu, na mwenye ua, ndani ya singlendi, alikuwa anaanika nguo.

"Mnamtafuta nani?"

"Tunaangalia mandhari," mzee akajibu.

"Mandhari ya nguo zangu?"

Wakaomba radhi. Mzee kwa aibu akasema anajua njia ya mkato, akaingia uchochoro mmoja, ukamtoa kwenye mwingine, wa tatu ukawarudisha kwa yule bwana wa singlendi. Hapo meli ikapiga honi. Lo! Mama alivua viatu akavishika mkononi, mzee akashika mkoba, wakakimbia, watu wazima wa miaka sitini na kitu, wakipishana na mikokoteni na baiskeli. Walifika gatini ngazi ya meli ikianza kuvutwa.

Walipoingia ndani mama aliegemea ukuta, akihema.

"Umepotea," akasema. "Mji ulioutembea mara mia, umepotea."

"Sijautembea."

"Nini?"

"Sijautembea, mama watoto. Huu wala mwingine. Sikuwahi kushuka. Nilikuwa chini nafua. Barua zote nilitunga."

Mkewe akavaa viatu vyake taratibu, kimoja baada ya kingine, akaenda zake chumbani.

Chakula cha jioni walikaa meza moja, lakini neno hakumpa. Alisema na mhudumu. "Naomba umwambie huyo bwana anisogezee chumvi." Chumvi yenyewe ilikuwa karibu na kiwiko cha mama mwenyewe. Mhudumu wa watu akamwangalia huyu, akamwangalia yule. "Mzee, mama anaomba chumvi." "Mwambie hii hapa." "Mwambie asante." Mhudumu alirudi jikoni akijikuna kisogo.

Asubuhi yake walikuwa mji wa tatu. Abiria walikuwa wamepanga foleni na kofia zao za jua. Mzee alitoka bafuni akamkuta mkewe amevaa tayari, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nipeleke chini," akasema. Ndilo neno la kwanza tangu jana.

"Chini wapi?"

"Ulikokuwa."

Wakashuka sitaha tano. Zulia likaisha, na picha za ukutani nazo zikaisha, wakafika kwenye chuma na mabomba. Mlangoni walikutana na msimamizi, bwana mnene mwenye taulo shingoni. Kumwona mzee tu akapiga ukelele. "Pasi! Pasi mwenyewe!" Hilo ndilo lilikuwa jina lake melini. Msimamizi alikuwa ameanza kazi mikononi mwake, na kukunja shuka alifundishwa naye.

"Abiria hawaruhusiwi huku, Pasi. Lakini wewe abiria gani? Wewe ni sehemu ya mashine. Ingieni."

Dari ilikuwa fupi, mtu mrefu aliinama. Mashine sita za kufulia zilitetemeka kwa pamoja, na mbele yake kulikuwa na ile kubwa ya kunyooshea mashuka, inayoingiza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili limenyooka na linachoma. Mama alizunguka, akaangalia kuta zote nne.

"Dirisha liko wapi?"

"Hakuna."

"Ulikuwa unasimama wapi?"

Mzee akamwonyesha, pale mashuka yanapotokea. Mkewe akaenda akasimama hapo hapo. Haikupita dakika, jasho lilimjaa usoni mpaka miwani ikafanya ukungu, lakini hakuondoka.

"Ile meza ya nini?"

"Ya mifuko. Kabla nguo ya abiria haijafuliwa, kila mfuko unatolewa kilichomo." Mzee akasogeza bakuli la bati lililojaa vitu vya asubuhi ile: tiketi, kokoto, kipande cha ramani. "Miji niliipata hapa. Kisima kilikuwa kwenye kadi ya picha iliyolowa, mfukoni mwa suruali. Saa mia moja nilizisoma nyuma ya tangazo la duka. Ngazi, kuna mtu alikuwa ameziandikia hesabu kwenye karatasi, nadhani zilimchosha."

"Na mbwa?"

"Koti la mama mmoja lilijaa manyoya meupe. Nikasema huyu alikaa mahali pazuri, akapakata mbwa."

Mkewe alitaka kuendelea kununa, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani. "Kwa hiyo kisima kipo?"

"Kipo. Sema mimi sijui kiliko."

Kwenye mashine alikuwapo dobi wa kike, wa umri wa binti yao, anayelisha mashuka bila kuinua kichwa. Mama akamgeukia kwa sauti ile ile ya darasani.

"Binti yangu, huu mji umeshauona?"

"Bado, mama. Hii safari ya saba."

"Na nyumbani wakikuuliza?"

Yule dobi akacheka kidogo, akaangalia chini. "Nina mtoto wa miaka sita. Namwambia ni pazuri."

Mama alimwangalia mumewe, na mumewe akajifanya anasoma ramani iliyochanika. Kisha mama akavua bangili, akazitia mfukoni, akapandisha mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.

"Kibali cha kushuka unacho?"

"Ninacho, mama. Nafasi ndiyo sina."

"Nafasi hii hapa. Vua hiyo aproni unipe. Nenda ukatembee, ule kitu kizuri, halafu umwandikie mwanao ulichokiona kwa macho yako."

"Mama, hilo haliwezekani!" msimamizi akaruka.

"Wewe kazi hii ulifundishwa na nani?"

"Na Pasi."

"Basi Pasi yuko kazini."

Msimamizi akajifuta uso na taulo, akamwangalia Pasi, akamwangalia dobi wake ambaye aproni ilishamtoka zamani. Akasema anakwenda stoo kuangalia sabuni, na sabuni zenyewe ni nyingi, asitegemewe kabla ya saa nane. Akatoka. Dobi naye akapanda ngazi mbili mbili.

Wakabaki wawili. Mzee akiwa ndani ya shati lake la sikukuu alilisha mashine, akazunguka upande wa pili, akadaka shuka la kwanza. Pembe mbili akampa mkewe, mbili akashika yeye.

"Rudi nyuma. Vuta. Sasa likung'ute. Sasa njoo kwangu."

Shuka la kwanza mama aliliharibu, la pili akalikunja kinyume, la tatu likawa shuka la kueleweka. Kurudi nyuma, kuvuta, kuja. Walifika shuka la kumi na kitu. Halafu alipomfikia mumewe na pembe mkononi hakumwachia.

"Unakumbuka kila ulipokuja likizo, wiki ya kwanza nilikuwa nakununia?"

"Nakumbuka. Nilidhani umeshazoea kuishi bila mimi."

"Nilikuwa na wivu." Aliangalia shuka, hakumwangalia yeye. "Mdogo anabanwa na pumu, paa linavuja, mimi nimewasahihishia watoto wa watu madaftari mpaka macho yanauma, halafu nafungua barua, bwana yuko mgahawani na mbwa. Nilikuwa nasema, acha aje, nitamnyoosha. Ukifika, nakupa mgongo."

"Sikutaka unionee huruma, mama watoto. Ndiyo maana niliandika vile."

"Ningekuonea huruma ningekupokea barabarani! Ningebeba begi lako mwenyewe!" Akalivuta shuka upande wake. "Miezi miwili kwa mwaka ndiyo niliyokuwa nakupata. Na kila mwaka nikatupa wiki nzima. Wiki kumi na tisa, baba watoto. Wiki kumi na tisa nimempa mgongo mtu aliyekuwa amesimama hapa."

Machozi yalimtoka mzee, naye hakuwa mtu wa machozi. Mashine ikatema shuka jingine, likaning'inia mbele yao likifuka mvuke.

"Usilie kwenye shuka safi," mkewe akasema, naye analia. "Lete pembe zako."

Mzee akaleta pembe zake. Safari hii alipofika hakuna aliyerudi nyuma. Walibaki wameshikana hivyo hivyo, shuka likiwa katikati yao, na mashine ikaendelea kutema mengine mpaka yakawajaa miguuni.