Kanisa la Jikoni kwa Tudora

Mchungaji Haralampie alituachia karatasi moja yenye sheria tatu. Ya kwanza: mkutane nyumbani, watu wasizidi kumi na watano. Ya pili: mkizidi, mgawanyike, na nyumba nyingine ianzishe kundi lake. Ya tatu: chai na biskuti, basi. Alisema hivyo ndivyo Wabaptisti watakavyoongezeka katika vijiji vyetu vya Moldova, jiko kwa jiko, bila kungoja mtu atujengee jengo.

Karatasi nilipewa mimi, Filimon, fundi mstaafu wa matrekta. Niliisoma mara nne, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe, nikaona hakuna gumu.

Sheria ya tatu ilivunjwa siku ya kwanza, na aliyeivunja ni mke wangu.

"Anfisa," nilimwambia, "imeandikwa biskuti."

"Nimeiona. Lakini jibini ilikuwa inakaribia kuharibika."

Jibini hiyo ilikuwa imejazwa ndani ya mikate kumi na minane ya kukunja, ya moto, imepakwa siagi. Jirani yetu Zinovia alikula minne, akafuta vidole, akasema ni mitamu sana. Nilimwona anavyoitazama sahani, nikajua wiki ijayo, kwake, hatutaona biskuti.

Hatukuziona. Alianza na supu ya kuku. Anfisa akajibu kwa kabichi iliyoviringishiwa wali na nyama. Zinovia akaleta nyama ya kuganda, kuku aliyegandishwa ndani ya mchuzi wake. Baada ya Pasaka, Anfisa alichinja bata bukini, nami nilihubiri juu ya kiasi huku harufu ya bata ikinipitia puani, na kila nilipotua, ndugu waliitikia "Amina" kwa haraka ya ajabu.

Halafu kulikuwa na suala la chumba. Sote tuliamini kwamba Neno la Mungu halikaribishwi jikoni. Basi tulikaa katika chumba cha heshima, kile ambacho mwenye nyumba mwenyewe haingii ila kwa harusi na msiba: mazulia ukutani, kitanda kisicholaliwa, na juu yake mito ya mahari, ile anayokuja nayo bibi arusi, iliyopangwa hadi darini. Hakina jiko la kuni. Mwezi wa pili tuliimba na makoti yetu, mvuke ukitutoka midomoni kama farasi. Hakuna aliyeegemea kitu.

Hata hivyo watu walikuja. Kufika mwezi wa tano tulikuwa ishirini na watatu, na wengine walisikiliza kutoka ukumbini. Nikauliza nani ataanzisha kundi la pili.

Mmoja alisema apake chokaa kwanza. Mwingine hana mazulia. Wa tatu alinivuta pembeni: "Ndugu Filimon, nitaanzaje? Sina bata."

Mchungaji alipiga simu. Nilimweleza. Akasema kwa upole, "Pentekoste nakuja. Kama bado ni kundi moja, nalifunga, mtakuja mjini kwa basi kama zamani. Kundi lisilozaa, ndugu yangu, ni klabu ya kula."

Nilimfikiria bibi Agripina. Ana miaka themanini na sita, magoti yake hayapandi ngazi ya basi. Zamani za marufuku, serikali ilipokataza ibada, alitembea kilomita kumi na moja kwenda kusali. Sasa alikuwa akitembea nyumba tatu tu, kwa fimbo, na akifika uso wake ulikuwa kama wa msichana aliyeposwa. Tukihamia mjini, yeye angebaki na redio.

Jumapili ya mwisho kabla ya Pentekoste tulikuwa kwa Zinovia. Alikuwa ameamua kummaliza Anfisa kabisa. Meza ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta. Kitandani, mito ilikuwa kumi na moja. Aliongeza miwili ya dada yake kwa ajili ya siku hiyo.

Mumewe Serghei ndiye aliyeomba. Maombi ya Serghei yanajulikana: huanza na Adamu. Alipofika kwa manabii, alichoka miguu, akasahau mahali alipo, akaegemea.

Nilifumbua macho niliposikia kishindo. Serghei hakuwepo. Palikuwa na mlima wa mito, na kutoka ndani yake sauti ikasema, "...na uwakumbuke wagonjwa."

Mito ile ilishonwa na mama yake Zinovia miaka hamsini iliyopita, na kitambaa kilikuwa kimechoka. Mitatu ilipasuka. Manyoya yakaruka, yakazunguka, yakashuka polepole juu ya meza, vichwani, kwenye kompoti ya matunda vikombeni, na kwa wingi zaidi juu ya nyama ya kuganda.

"Zinovia," bibi Agripina alisema, akiitazama sahani, "kuku wako anaota manyoya upya."

Mtu mmoja akapiga chafya. Halafu mwingine. Halafu kicheko kikatushika kama kwikwi. Tulitoka uani tukishikana mabega, weupe kama waokaji, na Serghei wa mwisho, akitema unyoya. Zinovia peke yake alisimama mlangoni, mikono mashavuni, hajui alie au acheke.

"Hatujamaliza," nilisema. "Hata hatujasoma."

"Njooni kwangu," alisema mtu kutoka nyuma. "Kuna mabenchi."

Alikuwa Tudora, mjane wa nyumba ya pili, ambaye siku zote huketi karibu na mlango na kuondoka wa kwanza. Alivyosema tu akajiziba mdomo. Chumba chake cha heshima kilianguka paa miaka miwili iliyopita. Sasa ni ghala la mahindi.

"Lakini ni jikoni," akasema. "Na sina kitu."

"Kuna joto?" aliuliza Agripina.

"Kuna joto."

"Basi twende, binti yangu, kabla Serghei hajaanza tena."

Tuliingia wote ishirini na watatu. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine juu ya kuni. Jikoni mlikuwa na chungu kikubwa kikichemka, na tukasoma Matendo ya Mitume huku mfuniko ukigonga. Hakuna aliyekaa wima. Watu waliegemea ukuta, wakaegemeana. Mama mmoja ambaye hajawahi kufungua kinywa aliuliza swali, na jibu likachukua nusu saa, maana wanne walijibu kwa pamoja.

Tulipomaliza, Serghei alinusa hewa. "Dada Tudora, kwenye chungu kuna nini?"

Tudora akawa mwekundu. "Viazi. Lakini ni vya nguruwe."

"Vimeoshwa?"

"Naviosha, ndiyo. Lakini ni vya nguruwe, kaka!"

"Nguruwe wako wanisamehe," alisema Serghei, akajitwalia kimoja, akakirusha mkono hadi mkono kwa moto. Tudora akaleta chumvi na kitunguu kibichi. Tukala na maganda yake, tukipuliza vidole.

Kisha Agripina akagonga fimbo sakafuni.

"Enzi za marufuku tulisali zizini kwa siri, watu themanini," alisema, "tukitafuna mbegu za alizeti. Nilikuwa nimesahau. Filimon, kama hili nalo ni kanisa, kundi la pili liandike kwangu. Viazi ninavyo. Jiko ninalo. Na mimi mwenyewe nipo, sitapotea njia."

Nilitoa karatasi tupu mfukoni, na kabla sijapata kalamu Tudora alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mabenchi yake hayana kazi nyingine. Yule asiyekuwa na bata akainua mkono. Kisha mtu mwenye kitunguu mkononi akainua kitunguu. Nikaomba waseme mmoja mmoja; hawakuniheshimu.

Zinovia alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, unyoya umesimama nyweleni. Anfisa alisogea akamtoa unyoya ule. "Shoga," alimwambia, "nimechoka. Wewe je?"

"Nimechoka kufa," alisema Zinovia, na hatimaye akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi.

Mchungaji Haralampie alifika Pentekoste na begi lake, uso umejiandaa kwa huzuni. Vizingitini palikuwa na matawi mabichi ya sikukuu. "Kundi la pili lipo?" aliniuliza.

"Lipo kwa bibi Agripina. La tatu kwa Tudora. La nne na la tano yako ng'ambo ya kisima, tukitembea haraka tutayawahi."

Alitembelea yote. Kila nyumba alipewa kiazi kwa chumvi, akala kwa adabu. Mwisho tulipita kwa Zinovia, aliyebaki na kundi la kwanza, watu saba jikoni.

"Viazi tu, mchungaji," alisema, macho chini.

Mchungaji akauma. Akatafuna. Akakigeuza kiazi akakitazama ndani: jibini, siagi, yai, na kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi.

"Sheria ya tatu," nilisema.

Mchungaji aliniashiria ninyamaze, akachukua cha pili.