Trekta la Hamoonga na Kile Kichuguu

Hapana, hapana, injini haikuwa na ubaya wowote. Hapo ndipo watu wote walipopotea, na Hamoonga mwenyewe akapotea nao. Injini ilikuwa nzima kabisa. Ukiipiga stata asubuhi inaitika mara moja, moshi kidogo, halafu inanguruma vizuri mpaka kuku wanatoka mbio uani. Shida ilikuwa inaanzia shambani. Trekta linaingia na plau yake, linakata udongo safi, linakwenda, linakwenda, likifika karibu na kile kichuguu kikubwa katikati ya shamba, basi. Sauti inapungua. Hamoonga anakanyaga mafuta mpaka mwisho, wapi! Linajikokota kama mtu mwenye homa, linakohoa, linazima.

Sasa akae chini, anywe maji, amlaani anayemlaani, baada ya muda apige stata tena. Linawaka! Linakwenda kidogo, linazima tena.

"Hicho kichuguu hakilitaki," watu wakasema.

Hamoonga alikuwa mtu mfupi, mbishi, na masikio yake makubwa. Mambo ya kichuguu hakuyaamini. Lakini nikwambie ukweli, alianza kulima kwa kukizunguka mbali, na likazima vilevile, ila mahali pengine. Hilo hakumwambia mtu.

Na shida si kuzima tu. Lile trekta alilipata kwa shemeji yake Mooya, kaka wa mkewe, mtu wa upande wa Batoka. Walibadilishana: Hamoonga alitoa ng'ombe wa kulimia, Mooya akatoa trekta. Na katika wale ng'ombe, wengine walikuwa wa Mama Choolwe mwenyewe, mkewe, wa kwake halali, amewapata kwa baba yake. Alikubali shingo upande. Mvua ya kwanza ikanyesha, majirani wakaanza kupanda, shamba la Hamoonga limelimwa ukanda mwembamba tu pembeni. Mama Choolwe akatuma neno kwa kaka yake: njoo na ng'ombe, uchukue chuma chako.

"Mama Choolwe, umenitia aibu," Hamoonga akasema.

"Aibu ipi? Watoto watakula aibu mwezi wa pili?"

"Nipe siku nyingine."

"Mooya anakuja kesho. Likimaliza shamba mbele ya macho yake, litabaki. Likizima, linarudi Batoka. Na wewe ukitaka, lifuate."

Ndivyo ilivyokuwa. Hamoonga akaona trekta linaondoka. Alilipenda lile trekta, jamani. Asubuhi alikuwa analisalimia.

Na usidhani hakujaribu. Alimwita fundi Muleya kutoka mjini Choma, fundi mzuri, hana mzaha. Muleya alifungua kichujio cha hewa, akakuta makapi ya mahindi yamejaa humo unaweza kulaza kuku atamie. Akakikung'uta. Akabadilisha filta ya dizeli. Akafungua tangi, akachungulia, mafuta safi. Akalegeza nati kwenye pampu, akatoa upepo mpaka mafuta yakaja bila mapovu. Wakaenda shambani wote, Muleya ameshika usukani, tangi bado liko wazi maana alitaka kuangalia mafuta yanavyoshuka. Trekta likapita kichuguu likiimba! Likaenda mpaka mwisho, likageuka, likarudi.

"Hili trekta halina ugonjwa," Muleya akasema, akifuta mikono. "Labda dereva."

Akala, akaenda zake. Hamoonga akalifunga tangi vizuri, akapanda. Kichuguuni likazima.

Akaitwa tena. Akaja, akafungua tangi, akachungulia, akaendesha. Likaenda kama jipya! Ukawa mtindo: fundi akija linajitia adabu, kama mtoto mbele ya wageni. Fundi akiondoka linarudia tabia yake. Mara ya tatu Muleya alikataa kuja. Alisema hawezi kutibu trekta lenye kinyongo na mwenyewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nimesahau kitu, na bila hicho hutaelewa. Hamoonga ni mtu wa ukoo wa mbuzi. Jirani yake, Siabbalo, ni wa ukoo wa fisi. Mbuzi na fisi ni watani tangu zamani. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, hukasiriki, unakikomboa. Mambo yanaisha siku hiyohiyo, mnakula, basi.

Hamoonga alipofiwa na mjomba wake, Siabbalo alikuja msibani kufanya kazi ya mtani. Alilala mlangoni akijifanya maiti, akawadai akina mama chumvi, na alipokuwa anaondoka akapita kwenye trekta, akafungua kile kifuniko cha tangi la dizeli, akakining'iniza shingoni kwa kamba.

"Marehemu alipenda harufu ya dizeli," akatangaza. "Nachukua ukumbusho. Mbuzi akikitaka, aje na jogoo. Namtaka yule Gavana."

Watu wakacheka mpaka wafiwa. Gavana alikuwa jogoo wa Hamoonga, mwekundu, mkubwa, akitembea uani utadhani anakagua gwaride. Hamoonga hakumchinja hata Krismasi. Mtu mwingine angetoa jogoo mwingine, angeomba, wangekubaliana. Hamoonga akasema, "Kaa nacho! Ukipikie mboga!"

Kitu hicho watu wetu hawafanyi. Kumwachia mtani kitu chako usikikomboe ni kama kumfungia mlango usoni. Lakini Hamoonga alishasema, na akishasema amesema. Akatafuta kizibo cha plastiki cha dumu, akakisukumia kwenye mdomo wa tangi, juu yake akazungushia mpira wa tyubu, akavuta, akavuta, akakaza kwa meno. Hata harufu haitoki.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Hiki kinaziba kuliko kile chake."

Na kilikuwa kinaziba, kweli.

Basi Mooya akafika na wale ng'ombe, kabla jua halijakaa utosini. Mtu mrefu, mpole, haongei sana. Akakaa kwenye kivuli cha mkokoteni pembeni mwa shamba, ng'ombe wanakula majani, akasubiri kama mtu anayesubiri kinyozi. Mama Choolwe alikaa karibu yake na dumu la chibwantu, kile kinywaji chetu cha mahindi, kimechacha vizuri tangu juzi. Na upande wa pili wa mpaka, Siabbalo alikuwa analima na ng'ombe wake wawili waliokonda, kifuniko kinacheza shingoni.

"Mbuzi!" akaita. "Leo unazima saa ngapi? Nataka nijue niende kula au ningoje!"

"Nyamaza, fisi! Angalia mifupa yako hiyo unayoifunga jembe!"

"Mifupa yangu haijawahi kupigwa stata!"

Hamoonga akapanda, akalima. Likafika kichuguuni, likaanza kujikokota. Akakanyaga. Akaliomba. Akaliahidi mafuta mapya ya injini. Likazima.

Mooya akasimama, akajinyoosha, akaanza kukunja kamba.

"Ngoja shemeji!" Hamoonga akapiga kelele. "Linapumzika tu!"

"Tangu lini chuma kinapumzika?" Mama Choolwe akauliza. Lakini alimhurumia, maana aliinuka akampelekea chibwantu kwenye chupa ya plastiki, zile nyepesi za maji. "Kunywa basi. Utazimia na wewe, nitawavuta wawili."

Hamoonga alikuwa na kiu na hasira, vyote pamoja. Akaweka chupa mdomoni, akaibana kwa midomo yote, akafyonza kwa nguvu. Kidogo kikaja. Halafu chupa ikabonyea, krak! ubavu ukaingia ndani, na kinywaji kikagoma kutoka. Akafyonza zaidi. Ikabonyea zaidi. Macho yamemtoka, mashavu yameingia.

"Achia midomo upumue, mwanaume!" Mama Choolwe akasema. "Hewa isipoingia, kitu kitatokaje?"

Hamoonga akaachia. Chupa ikavuta hewa, ikanyooka, krak! Chibwantu ikamwagika mpaka kidevuni.

Akaiangalia chupa. Akaliangalia tangi. Akaiangalia chupa tena.

Akapanda juu ya boneti kama kijana. Akaangalia kile kizibo chake kizuri cha plastiki. Kimeingia ndani kama kitovu. Akaanza kufungua mpira wa tyubu, kwa vidole, kwa meno, kwa vyote. Mpira ulipoachia, tangi likasema *fyuuuuu*, refu, kama mtu aliyeshikiwa pua tangu msibani mpaka siku hiyo.

"Mama Choolwe," akasema taratibu, "nimekuwa namnyonga."

"Nani tena?"

"Trekta! Mafuta yanashuka, hewa haiingii. Linafyonza mpaka linashindwa. Muleya alikuwa anaacha wazi ndiyo maana linaenda! Mimi ndiye ninayefunga!"

Mama Choolwe akaiokota ile chupa. "Basi Muleya alisema kweli. Ni dereva."

Akapiga stata, tangi wazi. Likanguruma. Likapita kichuguu, likaenda mpaka mwisho, likageuka, likarudi, likapita tena! Mooya akakaa chini, akaacha kamba. Siabbalo akasimamisha ng'ombe zake, akasahau hata tusi. Hamoonga alikuwa anaimba peke yake juu kule, udongo unageuka mweusi nyuma yake, shamba linakwisha, limebaki kipande kama uwanja wa mpira hivi.

Hapo mvua ikaja.

Haikuuliza mtu. Matone makubwa, mazito, yanapiga boneti pa, pa, pa. Na tangi liko juu, mdomo wazi unatazama mbinguni. Maji yakiingia kwenye dizeli, hapo hakuna kichuguu, hakuna kinyongo, pampu imekufa kweli, na hata Mooya hatalitaka tena. Hamoonga akavua kofia akaziba. Akakumbuka kunyonga. Akaondoa. Akatoboa kizibo kwa msumari, tundu likawa juu juu, maji yanaingia humohumo. Mama Choolwe akaja mbio na ungo, akapanda kwenye boneti akaukinga juu ya tangi, wakaenda hivyo hatua chache, yeye anapiga mayowe kila plau inaporuka. Ungo ukaanza kuvuja.

"Baba Choolwe!" akalia. "Kifuniko chenyewe kilikuwaje?"

"Tundu lake limejificha pembeni. Mvua haioni."

"Kiko wapi?"

Alikuwa anajua kilipo. Alikuwa anamlazimisha aseme.

Hamoonga akazima injini mwenyewe, mara ya kwanza kwa hiari. Mama Choolwe akabaki juu na ungo. Yeye akavuka mpaka, miguu imebeba matope, mpaka mbele ya Siabbalo aliyekuwa amejifunika gunia.

"Mtani."

"Nani ananiita? Nasikia sauti ya mbuzi aliyeloa."

"Mtani, nimekuja kukomboa."

"Umesikia?" Siabbalo akawaambia ng'ombe zake. "Amekuja. Mimi nikadhani utani wetu umezikwa na mjomba wako. Nilikuwa nakivaa kila siku unione, na wewe unageuza uso kama nakudai mahari." Hapo hakuwa anacheka sana. "Na Gavana?"

Hamoonga akafuta matone usoni. "Gavana ni wako."

"Leo?"

"Leo."

"Lia kwanza."

"Siabbalo, mvua!"

"Mimi nina gunia."

Hamoonga akaangalia nyuma. Mkewe juu ya trekta na ungo uliolegea, shemeji yake amesimama kuona vizuri. Akafumba macho. "Meeee."

"Mooya hajasikia!"

"MEEEEEE!"

Mooya, ambaye watu walikuwa hawajawahi kumwona meno, alicheka mpaka akashika gurudumu la mkokoteni. Siabbalo akavua kamba shingoni, akakifuta kifuniko kwenye suruali, akapuliza tundu lake, akampa kwa mikono miwili.

Kile kipande kililimwa chote kwenye mvua. Trekta halikukohoa. Siabbalo alitembea nyuma kwenye mfuo akiimba nyimbo mbaya za mbuzi, na walipofika mwisho wa shamba Mooya alikwenda akawageuza ng'ombe wake waangalie njia ya Batoka. Trekta lilikuwa limebaki.

Gavana hakukubali kirahisi. Alipanda ghalani, akashuka, akapita katikati ya miguu ya Mooya, wanaume watatu wazima wanateleza uani kwenye matope, mpaka Mama Choolwe akamtupia ule ungo. Hamoonga aliingia ndani wakati wa kuchinja. Alisema anatafuta kitambaa.

Alichemka muda mrefu, yule jogoo. Siabbalo alionja akasema tairi la nyuma limeiva, la mbele bado. Mwishowe nshima, ugali wetu, ikapakuliwa, mvuke unapanda, maji ya kunawa yakapita kwa Mooya kwanza, kisha kwa Siabbalo, kisha kwa Hamoonga, aliyekuwa ameahidiwa paja bila kuomba. Mama Choolwe akaleta sufuria, akaiweka katikati, akafunua. Akamtazama Siabbalo. Akakiweka kifuniko cha sufuria chini, akakikalia, ndipo akasema, "Haya, kuleni."