Watoto wa Mzee Breki

Mtaani, ukiwa na mtoto mtukutu, ulikuwa unaambiwa umpeleke akashinde kwa Mzee Breki, aone watoto wa wenzake. Mzee alikuwa mwalimu wa udereva. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana gari la shule lilikuwa na breki ya pili upande wake, na mguu wake haukubanduka hapo. Ukikosea kidogo tu, gari limesimama, na yeye anakutazama bila kusema kitu mpaka jasho likutoke. Ndivyo alivyofundisha barabarani, na usidhani nyumbani alikuwa mtu mwingine.

Watoto wake watatu walikuwa na adabu mpaka ikawa kero kwa majirani. Walisalimia kila mtu, hawakudokoa jikoni, hawakujibizana na yeyote. Kila Jumapili jioni, wakishakula, mzee aliwaweka kikao. Anatoa maagizo ya wiki, anaamua la kuamua, kisha anauliza, “Kuna neno?” Nao wanajibu kwa zamu, kuanzia mkubwa, kwamba hakuna neno, baba. Mama yao naye alijibu, tena wa mwisho. Wageni waliobahatika kukiona kikao hicho walirudi makwao wakawasema watoto wao mpaka wakapata kiu.

Mara moja tu mambo yalikwenda mrama. Kitinda, binti wa mwisho, alikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake mzazi, mzee akakataa, akasema mgonjwa hajafa, haraka ya nini. Alipouliza kama kuna neno, Kitinda akasema lipo. Mama analia kila akiosha vyombo, kwa hiyo lipo. Mzee hakumpiga. Hakuwahi kumpiga mtoto hata siku moja, na kwa hilo alijivuna sana. Alichofanya ni kuwaambia wengine kwamba kuanzia hapo Kitinda hasikiki. Akisalimia asijibiwe, akiomba chumvi asipewe. Na ikawa hivyo, jamani, mama mzazi anampita mtoto wake kama anapita kigoda. Mtoto alijikaza, akajikaza, mwishowe akaja mwenyewe sebuleni, akasimama mbele ya baba yake, akasema hakuna neno. Mzee akampakata na kumpa peremende. Alifurahi kwa roho safi kabisa, akijua amejenga nyumba. Yule bibi mgonjwa alifariki muda si mrefu, na mama akaruhusiwa kwenda kuzika.

Miaka ikapita, mama naye akatangulia, watoto wakawa watu wazima. Ndipo kiharusi kikamwangusha mzee bafuni. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, na ulimi nao ukagoma. Akili ilibaki nzima, na hapo ndipo penye balaa. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, lakini akifungua mdomo unatoka mlio kama wa mtu aliyekabwa na jinamizi. Akalazwa wodini, kitanda cha dirishani. Watoto walikuja saa ya kuona wagonjwa bila kukosa. Walisimama kwa mstari, wakampa shikamoo, wakamweleza habari za nyumbani kwa ufupi, kisha wakaomba ruhusa ya kuondoka. Wauguzi walibaki wakiwasifia kwa wagonjwa wengine, na wagonjwa wengine wakachoka kusikia.

Kitinda peke yake ndiye aliyekuwa akichelewa kutoka. Alikuwa fundi wa kushona, anaishi kwenye vyumba viwili na mwanawe mdogo. Siku daktari aliposema mzee ataruhusiwa Jumamosi, Kitinda alibaki nyuma akamkata kucha za miguu. Aliongea ameinamia kucha hizo hizo, maana kuongea na baba yake macho kwa macho hakuwahi kuweza.

“Baba, utakuja kwangu,” alisema. “Cherehani nimeihamishia varandani. Kitanda nimekisogeza ukutani, upande ambao mkono wako mzima utapata pa kushika. Nitakuwa nashona, wewe unanitazama.”

Mzee alilia. Kuna jambo moja tu lililomtia hofu duniani, nalo ni makao ya wazee. Aliwahi kwenda huko kumsalimia mwalimu mwenzake, akamkuta amekalishwa kwenye kiti kuelekea ukutani, shati amevalishwa nje ndani, na mhudumu hajui hata anaitwa nani. Aliporudi nyumbani hakula. Toka siku ile alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo amchukue mapema, kuliko kuishia pale. Na sasa mtoto huyu, huyu huyu, anamwambia habari za cherehani varandani. Alimshika kidole kwa mkono wake mzima, akakikaza. Kitinda alishtuka, kwani wao hawakuwa watu wa kushikana. Kisha akacheka kidogo, akaendelea na kucha.

Mzee alikaa siku zile zilizobaki kama mtoto anayengoja sikukuu. Alikuwa ameshaanza kufikiria sauti ya mashine ile, na mjukuu akizunguka miguuni, na pengine hata kelele. Ajabu, alitamani kelele.

Jumamosi ikafika, na kikao kikafanyika pale pale kitandani. Mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari, alikuja na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi barabara. Dada wa kati, mwalimu wa chekechea, akasimama kuliani kwake, Kitinda akawa mwisho. Mkubwa akaanza kueleza kwa sauti ya chini, bila kukimbia wala kusitasita; ungefumba macho, ungeapa ni baba yake. Alisema amefikiri sana. Yeye yuko dukani kutwa na mkewe husafiri kikazi. Dada ana darasa lake. Kitinda ana vyumba viwili, mtoto mdogo, na ngazi ndefu. Baba anahitaji mtu wa kumgeuza mchana na usiku, anahitaji mazoezi, anahitaji mwenye kujua. Makao ya wazee ni masafi, yana muuguzi, nafasi imepatikana, na gari liko chini linangoja.

Hakukuwa na ubaya katika maneno yale, na mzee aliliona hilo. Mwanawe hakuwa akimtupa. Alikuwa akiamua tu, kama alivyofundishwa kwamba mkubwa huamua, na anayeamua haulizi kwanza.

“Kuna neno?” Mkubwa akauliza.

Dada wa kati akasema hakuna neno, kaka.

Mzee akamtolea macho Kitinda. Sema, mwanangu. Sema kitanda kiko ukutani. Ngazi si kitu, nitapanda kwa makalio, wewe sema tu. Akamwona Kitinda akivuta pumzi, akainua kichwa, akafungua mdomo. Hapo mzee hakuweza kuvumilia. Alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, amtangulie, ampunguzie mzigo, atamke yeye kwamba lipo, neno lipo. Ukatoka mlio mrefu na mate. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia upande wa pili. Dada wa kati akamfuta baba yake kwa leso, kwa upole usio na mfano, akamwambia kaka yake kwamba baba amekubali.

“Kitinda?” Mkubwa aliuliza. Wala hakuuliza kwa ukali. Alikuwa akingoja zamu ya mdogo wake iishe.

Kitinda alitazama sakafu.

“Hakuna neno, kaka.”

Basi, yakaisha. Wakamvalisha shati, wakakunja shuka ingawa haikuwa kazi yao. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu, meno yote nje, akisema wengine humu wodini wanataka kutwangana makonde juu ya mgonjwa, lakini hawa, hawa mzee amelea. Akampigapiga begani. Mzee alitazama mikono yake miwili juu ya mapaja, mmoja mzima na mmoja mfu, na hakuona tofauti yake.

Walipofika chini wakamwingiza kwenye gari. Mkubwa na dada wakaenda nyuma kupanga mizigo, na Kitinda akainama mlangoni kumvalisha kiatu kilichokuwa kimemvuka. Alichukua muda mrefu kwenye kamba.

“Nilitaka kusema, baba,” alinong'ona. “Lilikuwa hapa kooni. Sijui kwa nini halikutoka.”

Mzee alijua. Hakuna daktari aliyeweza kulieleza jambo lile kama yeye. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kuomba radhi kwa mtoto. Alitaka kumwambia kosa si lake, kosa ni la baba yake, na kwamba alikuwa sawa tangu alipokuwa na miaka tisa. Akafungua mdomo. Mlio ukatoka mkali kuliko ule wa wodini, jicho limemtoka, mkono mzima unapiga kiti.

Kitinda akadhani anagombezwa. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa.

“Nisamehe, baba,” alisema. “Sitarudia.”

Kisha akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza, akasogea pembeni gari lipite.